Mlango Namba 5432

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeanza kukutii tangu uanze mazoezi. Msalimie sana mkazamjomba. Huku sote wazima. Mama kikohozi kimemwacha, na sasa anagombana na kila mtu, kwa hiyo tunajua amepona.

Najua habari zangu zimeshakufikia kwa vinywa vya watu. Wewe ndiye uliyenisemea kwa mkurugenzi nikapata kazi, basi una haki ya kuzisikia kwangu mwenyewe.

Kazi yangu ni kuangalia joto la majokofu ya chanjo. Kila jokofu lina kipimajoto chenye laini yake ya simu, kinachotuma vipimo kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa, iliyo mtandaoni, mbali na ofisi, nami navisoma kwa kompyuta. Mwezi uliopita kampuni iliweka ukuta mpya wa mtandao, yaani programu inayoamua kipi kitoke na kipi kiingie. Ukuta huo una milango yenye namba, na kanzidata yetu hupitia mlango namba 5432. Wakaufunga. Kioo changu kikaganda kwenye vipimo vya Jumatatu ile.

Nilijaza fomu kuomba ufunguliwe. Mkuu wa usalama wa mtandao, ambaye sote tunamwita Bwana Haiwezekani, akajibu kwamba kanuni ni za wote. Fomu ya pili akasema ingoje kikao. Ya tatu nilimpelekea mkononi, akaniuliza mbele ya watu kama majokofu yenyewe yamelalamika. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Siku ya tisa tangu mlango ufungwe, saa nne asubuhi, nilichomoa waya wa ofisi, nikawasha intaneti ya simu yangu na kuiunganisha na kompyuta. Kanzidata ikafunguka papo hapo. Mjomba, jokofu namba nne lilikuwa na nyuzi joto kumi na saba, siku ya tatu mfululizo! Chanjo zile za watoto wachanga hazitakiwi kuvuka nane. Mtunza ghala hakuwa na habari, maana yeye hungoja simu yangu. Na katika siku hizo tatu zilikuwa zimeshatoka humo chanjo za zahanati kumi na moja.

Nilikimbia ghalani tukalifunga jokofu kisitoke kitu tena, kisha nikapeleka taarifa juu. Nilidhani watashtushwa na chanjo. Kilichowashtua ni simu yangu. Kamati ya nidhamu ikaniita kikaoni, ikaniambia nimetoboa ulinzi wa kampuni, nisaini barua ya kuomba radhi, na habari ya chanjo nisiitoe kwa mtu yeyote mpaka waijadili wiki ijayo. Nikawaambia kanuni nimevunja na adhabu nitaibeba, lakini radhi siombi. Bwana Haiwezekani akasema nina kiburi. Nikamjibu kwamba ninacho kweli, nimekirithi upande wa mama.

Basi wakanisimamisha kazi. Hilo umelisikia. Usilolisikia, na kamati nayo haijalijua, ni kwamba nilipotoka kwenye chumba cha kikao niliketi kwenye ngazi nikazipigia zahanati zote, moja baada ya nyingine, nikajitaja jina na kuwasomea namba za maboksi. Kumi hazikuwa zimeyafungua. Ya kumi na moja, nesi akasema jana wamewachanja watoto sita. Hazitawadhuru, alisema, ila hazitawakinga. Atawaita warudi wote. Akauliza ni nani aliyeniruhusu kumpigia. Nikamwambia hakuna.

Kesho nakwenda kuiambia kamati kwa mdomo wangu. Ukitaka kunifokea, nifokee, nitainamisha kichwa nisikilize. Lakini nakusihi, Mjomba, usiende kwa mkurugenzi kuniombea msamaha.

Mama anakusalimu, anasema uache kupanda ngazi bila sababu. Wape mkono binamu zangu wote, nawe ubaki na afya.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Kitindamimba wa dada yako