Aibu ya Baba Yangu

Mjukuu wangu Ndeshi,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Babu yako hajambo, na ng'ombe amezaa.

Unauliza kwa nini nililia uliponiambia unatengeneza kingamwili, zile protini zinazonasa dalili za ugonjwa, za kugundua na kutibu saratani ya tezi dume.

Nikiwa muuguzi kijana hapa Moshi, baba yangu alipata shida ya kukojoa. Daktari alipotaka kumpima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, baba alitoka nje. "Mwanangu, heri nife," aliniambia. Akafa kwa saratani hiyo hiyo, nami nikamlaumu kwa ukaidi.

Miaka kadhaa baadaye kilifika kipimo cha damu, kinachotumia kingamwili kama zako. Baba mdogo akanyoosha mkono. "Kumbe ni hivi tu?" Ugonjwa ukaonekana mapema, akatibiwa, akapona.

Ndipo nilipojua baba hakukataa kupona. Aliona aibu tu. Nilimsamehe siku ile.

Bibi yako, Moshi