Kila Asubuhi Namnyanyua Baba

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada wako, na ukitaka kunicheka nicheke kwanza halafu unisaidie, maana jambo lenyewe hata mimi naliona kama ndoto. Mimi ni mkata vioo, kutwa nasimama karakanani, lakini mapenzi yangu yako kwenye baiskeli, na kila Jumapili naendesha na wenzangu wa klabu ambao wananiita Msumari kwa wembamba wangu. Mwaka jana kila tukifika mlimani miguu inataka lakini kiuno kinakataa, nayumba, mgongo unawaka moto, wenzangu wananipita mmoja mmoja huku wakinipungia mkono, mpaka siku moja kocha akanisindikiza hadi nyumbani na kuniambia pale pale mlangoni, "Msumari, baiskeli haiendeshwi kwa miguu peke yake. Tafuta kitu kizito, chuchumaa nacho, simama nacho, mpaka nyonga na mgongo vikaze."

Sasa mshauri, kitu kizito nilichokuwa nacho nyumbani ni baba.

Baba alikuwa mwashi, nusu ya kuta za mtaa wetu kajenga yeye, mtu wa maneno ya kuhesabu, na sikumbuki hata siku moja kunikumbatia, tangu utotoni mkono wake naujua kwa salamu tu. Mama alishatangulia mbele ya haki, na mwaka juzi kiharusi kikamlaza baba, tukabaki wawili, ikawa kila asubuhi kabla ya kazi namtoa kitandani nampeleka kitini, kitini bafuni, bafuni kitini. Baada ya yale maneno ya kocha nikaanza kumnyanyua kimazoezi, yaani nachuchumaa, nanyoosha mgongo, anaweka mikono shingoni mwangu, navuta pumzi, nasimama polepole nikihesabu hadi tano, na kuna asubuhi namrudisha na kumnyanyua tena mara sita. Dirishani kwake niliweka kioo cha kijani nilichokikata mwenyewe, basi jua likichomoza chumba kizima kinakuwa kama kiko chini ya maji, kichwa chake kinalala begani kwangu, ananukia sabuni, nami nafumba macho nauona mlima unalala chini taratibu ili nipite, na sijui niseme nini zaidi, mshauri, ila ni kwamba kwa ile hesabu ya hadi tano nakuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Nguvu nimepata kweli, wenzangu siku hizi wanauona mgongo wangu tu, na mashindano ni mwisho wa mwezi ujao. Lakini wiki sita zilizopita alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akampima baba, kisha akaniita nje akaniambia miguu imeanza kuamka, nisimbebe tena, nimsimamie asimame mwenyewe kwa kushika kiti kila siku, maana miezi hii ikipita bila kuitumia huenda isirudi kabisa. Akanipa karatasi ya mazoezi niibandike ukutani. Niliikunja nikaitia kwenye kimfuko cha chini ya kiti cha baiskeli, na mpaka leo imo humo humo.

Juzi nikarudi mapema, dirisha la baba lilikuwa wazi, nikamwona amesimama. Amesimama, mshauri! Kashika kabati, magoti yanamtetemeka, anaitazama miguu yake. Nilipoisukuma baiskeli kuelekea mlangoni gurudumu likalia tik tik tik, na kuingia ndani nikamkuta kitini anahema, amenyoosha mikono anyanyuliwe, akaniuliza kama anavyoniuliza kila siku siku hizi, "Vipi, sijapungua uzito?" Na chakula akaomba sahani ya pili. Nami nikamnyanyua.

Roho inanisuta. Nikisema, nimekiri kwamba nilimwibia miguu yake. Nikinyamaza, namwibia bado. Na kinachoniogopesha zaidi ni hiki: siku akitembea mwenyewe, nitamshika kwa sababu gani tena?

Ni mimi, Msumari.

*

Msumari mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitafuta leso, mara ya pili nikatafuta fimbo.

Umekosa, tena sana. Karatasi ile haikuwa yako. Miguu ya mtu si chuma cha mazoezi, na hakuna mlima duniani unaostahili kupandwa kwa miguu ya baba yako. Hilo limeze lilivyo, chungu chungu.

Sasa fungua macho, maana naona umezoea kuyafumba. Kocha aliongea mlangoni kwenu, na baba yako kalala maungo, masikio hayakulala. Mzee anayeomba sahani ya pili na kuuliza kama hajapungua uzito, unadhani ana njaa? Anajiweka mzito kwa ajili ya mazoezi yako, mwanangu! Wewe unamficha karatasi ili umbebe, yeye anaficha miguu ili abebwe. Waongo wawili chini ya paa moja, na wote kwa mapenzi. Lakini mapenzi ya namna hiyo yatamwacha mzee kitini maisha yake yote.

Kwa hiyo leo, si kesho, toa hiyo karatasi uibandike. Mwambie baba, "Nilikuficha karatasi hii, nisamehe, na juzi nilikuona umesimama." Ukimaliza nyamaza, umwache aseme lake hata likichukua saa nzima. Mwite yule mtaalamu arudi wiki hii hii, na mzee asishike tena kabati akiwa peke yake, kabati huanguka.

Mazoezi yako usiyaache. Jaza gunia mchanga, ulikumbatie kifuani, ukae mkabala na kiti cha baba. Yeye anainuka kwa kushika kiti, wewe unainuka na gunia lako, na anayehesabu awe yeye. Mara tatu kwa wiki kwako zinatosha, yeye afuate karatasi yake. Wiki ya mashindano gunia lipumzike, na kocha wako atakwambia hivyo hivyo. Ukishindwa mlimani, umeshindwa, mlima hauhami.

Na lile swali lako la mwisho, ambalo ndilo lililokufanya uandike. Mtoto hahitaji sababu ya kumshika baba yake. Nyinyi wawili mmekaa miaka yote hiyo mkingoja ugonjwa uwape ruhusa. Asubuhi atakaposimama mwenyewe, magoti yakatulia, msogelee umkumbatie. Usimnyanyue. Iache miguu yake ibaki chini, ili naye aweze kukukumbatia.