Magamba ya konokono kwenye banda langu

Katonga, Jumatano, baada ya alasiri

Kosa la wengi ni kudhani chini ya ziwa kuna mchanga mtupu.

Leo shemeji yangu alivuta kokoro, wavu unaoburutwa chini mpaka ufukweni, huku akimfokea Baba Furaha, mkimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa: "Tangu mje ninyi, samaki wamekwisha."

"Mzee, mimi niko na ndoano moja," Baba Furaha aliniambia. "Itamaliza ziwa?"

Kokoro lilijaa magamba matupu ya konokono. Nilimwonyesha shemeji: ndani ya magamba hayo samaki wadogo hujificha na kutaga. Yamerundikana chini kwa miaka mingi, nasi tunayakomba asubuhi moja, kisha lawama kwa mgeni.

"Mwalimu," akacheka, "nenda ukalishe kuku wako."

Niliondoka kwa hasira na aibu. Kuku wangu hula magamba hayohayo, nayasaga mwenyewe. Yeye ndiye huniletea. Na sikuwahi hata kuuliza anayatoa wapi...

Saa kumi na moja jioni hii wazee wa mwalo, ufuko wetu wa kuegesha mitumbwi, wanakaa kikao cha kumfukuza Baba Furaha.

Mwanangu, ukisoma barua hii, beba gunia la magamba lililo bandani, ukalimwage mbele yao.