Taa ya Njano ya Gari la Baba Mkwe

Shieywe, Kakamega

Mama yangu mpendwa,

Hamjambo huko Wundanyi? Na mguu wako je, umekubali kupanda mlima tena? Sisi huku wazima, mvua inanyesha kila alasiri bila kumuuliza mtu, na mimi nimenenepa. Keti kwanza, nina habari.

Unajua kilichokuwa kikininyima raha. Baba mkwe alimwambia mume wangu Wafula waziwazi kwamba mke wa mwanawe hatalala chini ya magari ya watu, na kwamba mavuno yakiisha niache kazi ya gereji. Wafula alinitetea, lakini neno la baba yake ni zito, nami nilishaanza kuziaga spana zangu.

Basi tukaenda kwao Matete kusaidia kupukuchua mahindi. Mzee ana gari la mtumba kutoka Japani, analipenda kuliko ng'ombe wake, ila asubuhi kukiwa na baridi haliwaki. Kila Jumapili wanakwaya walikuja kulisukuma, kisha wakaingia kanisani wakihema. Mafundi wawili wa sokoni walitafuta kabureta mpaka wakachoka, maana gari lile halina; hiyo ni ya magari ya zamani. Wa pili aliona taa ya njano ya injini inawaka mbele ya usukani, akaifunika kwa plasta ya kidonda ili isimsumbue mzee. Nilicheka mpaka nikajificha jikoni.

Nikamwambia Wafula kwamba ninaweza kuliangalia. Wafula akamwambia mama yake, mama yake akamwambia mzee, kwa sababu huku mke wa mwana na baba mkwe hawakaribiani wala hawatazamani usoni. Jibu likarudi kwa njia ileile: niangalie, lakini nisifungue kitu.

Sasa kazi hiyo inataka watu wawili, na ufunguo wake mzee hampi mtu, hata Wafula. Ikabidi yeye akae kwenye usukani, mimi nisimame mbele ya injini. Boneti ilipoinuliwa ikawa pazia katikati yetu. Hakuniona, sikumwona, na heshima ikabaki mahali pake. Nikamwomba abandue ile plasta. Magari haya yana kompyuta ndani, na taa hiyo ndiyo mdomo wake. Kwenye injini kuna kiboksi kidogo chenye matundu. Nikaunganisha mawili kwa kipande cha waya, nikamwambia azungushe ufunguo bila kuwasha, anihesabie taa inawaka na kuzima mara ngapi.

"Mbili," akasema. "Imenyamaza. Mbili tena."

Mbili na mbili, yaani ishirini na mbili, ni namba ya waya wa kipima joto la maji ya injini. Nikaufuata kwa mkono, nikakuta plagi yake imechomoka, meno yameshika kutu ya kijani. Kompyuta ikikosa habari za maji, hudhani injini imeshapata moto, basi asubuhi ya baridi inaipimia petroli kidogo kuliko inavyohitaji.

"Baba, sifungui kitu," nikasema. "Nafunga kilichofunguka."

Akasema, "Funga."

Nikasugua kutu kwa msasa, nikairudisha plagi. Jumapili wanakwaya walikuja wamekunja mikono ya mashati, wakamkuta mzee ndani ya gari, injini inanguruma, yeye anajifanya anapangusa kioo.

Mchana tukachinjiwa ingokho. Mama, huku kuku si mchezo, na firigisi, wanayoiita imondo, ni ya mwenye boma. Zamani wanawake hawakuonja kuku kabisa. Nilikuwa jikoni nikisonga obusuma, ugali wa huku, niliposikia sauti ya mzee kutoka sebuleni, akimwambia mkewe:

"Mpelekee fundi. Mwenye amefanya kazi ndiye anakulanga hii."

Nililia mbele ya kila mtu pale jikoni, wala sikuona haya. Wafula akaja akaomba kipande. Nikamnyima.

Jumatatu nilirudi gereji, na habari ya kuacha kazi haijatajwa tena. Nisalimie Baba, na kaka Mwakio aliyenifundisha kushika spana. Shangazi, aliyetaka nijifunze cherehani, mwambie anisamehe, kucha zangu bado ni nyeusi.

Ni mimi mwanao,
Wakesho, fundi.