Kwa Mdogo Wangu, Aliyekuwa Kapteni wa Udaku wa Zorumba

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia hapa kwa ukurasa wetu wa podikasti, mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, kwa sababu sina mahali pengine pa kukupata. Laini yako nilikuambia uitupe, ukaitupa. Uliko sijui, na ni mimi niliyekukataza kuniambia. Kwa hiyo naomba tu siku moja ushike simu ya mtu, ufungue hapa, uone kwamba dada yako bado anapumua na mwanangu Poni anakua. Anaota meno ya nyuma, hatulali, kwa hivyo nikichanganya maneno usinicheke.

Jina lako siandiki. Nitakuita vile wasikilizaji walikuwa wanakuita, Kapteni.

Unakumbuka Kitale tukiwa wadogo, ile nyumba ya jirani yenye televisheni? Tulikuwa tunaosha vyombo vyao vyote ndio turuhusiwe kukaa sakafuni tuangalie kile kipindi cha Zorumba. Watoto wengine walipenda vita, zile meli za angani zikirushiana moto. Wewe ulikuwa na maswali yako. Yule Kapteni wa meli hakuwa na mdomo, alikuwa anaongea kwa taa za shingoni, na siku moja ukauliza mbele ya watu wote, "Sasa huyu chai anakunywa na nini?" Baba wa ile nyumba alicheka mpaka akatukatia mkate mwingine. Mimi nilikuwa nakufinya unyamaze, nikidhani tutafukuzwa. Hivyo ndivyo tumekuwa tangu zamani, wewe unauliza, mimi naogopa.

Miaka ikapita, tukarudi Juba, kila mtu na maisha yake. Ulipokuja kwangu, mtaa wa Jebel, ulikuwa na mfuko mmoja wa plastiki na jicho limefungana. Ulikaa juu ya jerikani pale mlangoni, hukutaka kuingia, ati utachafua. Sikukuuliza nani amekufanya hivyo. Nilijua. Huyo mtu sitamwita mume wako, na jina lake halitapita kwa kidole changu.

Siku nyingi hukuongea. Ulifua, ulipika, ulimbeba Poni, na muda wote ulikuwa unaangalia mlango. Mpaka ile siku nilipopata Zorumba kwa simu, tukaangalia tukila maharagwe, na Kapteni akatokea na taa zake zile zile. Ukasema polepole, kama mtu anayejaribu kukanyagia mguu uliovunjika, "Na mpaka leo hawajampa chai." Tulicheka hadi Poni akaamka akilia, na bado tukashindwa kunyamaza. Kicheko chako sitakieleza hapa kilivyo. Nilitaka tu kukisikia tena. Ndio nikasema, tuanze podikasti.

Udaku wa Zorumba. Jina ulichagua wewe. Tulirekodi mchana Poni akilala, godoro limeegemezwa dirishani, sisi wawili chini ya shuka na simu katikati, jasho linatiririka. Mambo ya sayansi hatukuyajua. Tulijadili ni nani anafua lile joho refu la Mfalme, na kama kina mama wa kwenye meli nao wanapanga foleni ya maji.

"Huyo Mfalme ana sayari arobaini," ulisema, "na hakuna hata moja yenye fundi wa cherehani. Hebu angalia hiyo shati."

"Wachana na Mfalme wa watu, atatushtaki."

"Akuje. Hiyo meli yake ataegesha wapi na hii barabara yetu?"

Watu wakatupenda. Wenzetu waliokulia Kenya, Waganda wa sokoni, mpaka mtu mmoja wa uwanja wa ndege aliyesema anatusikiliza akipakua mizigo. Hawakujua majina yetu wala sura zetu. Kwao tulikuwa makapteni wawili tu, na wewe ulianza kunenepa, ukaanza kuimba ukichota maji.

Shida yetu ilikuwa kelele. Godoro haliwezi kuizuia Juba. Ndege ikipita juu, ulisema hapo hapo, "Mfalme anatua, ficheni chai!" Wale kina mama wanaoponda mawe chini ya mlima, tak tak tak, ukasema ni mafundi wanaunda meli. Kinu cha kusaga mahindi kikiwashwa, hiyo ndiyo injini. Wasikilizaji wakaanza kuuliza kila kelele ni ya nini kwa kweli, nasi tukaifanya kuwa mchezo. Mwenye kupatia anapewa cheo cha Zorumba: Amiri, Waziri wa Mizigo, Mpishi Mkuu wa Mfalme. Hakuna kitu walikipenda kama hicho.

Halafu msikilizaji mmoja, mtu mzuri tu, wa utani kama sisi, akaziweka kelele zote pamoja. Mawe, kinu, kwaya inayofanya mazoezi, ndege zinapita upande gani. Akatuma sauti yake, nasi tukaicheza kipindini: "Makapteni, nyinyi mko Jebel, nyuma ya kile kinu chenye paa la buluu. Nipeni cheo changu." Ukapiga makofi hewani, ukapaza sauti, "Amepatia! Amiri Jeshi Mkuu!" Na mimi nilicheka na wewe.

Nakukumbusha hivi ili uache kujilaumu popote ulipo, kwa sababu nakujua, unajilaumu. Ulisahau kuogopa kwa siku moja. Hilo si kosa. Mwenye kosa ni yule aliyekufundisha kuogopa.

Alikuja siku chache baadaye. Nilikuwa naanika nepi. Hakugonga, hakupiga kelele. Alisimama nje ya ua, akanisalimia kwa heshima, "Salaam taki, shemeji." Halafu akatabasamu.

"Mfalme ametua," akasema. "Chai mmeificha wapi?"

Alikuwa amesikiliza kila kipindi. Muda wote ule tukicheka chini ya shuka, na yeye alikuwa pale na simu yake sikioni, anangoja.

Nikapaza sauti ili ikufikie ndani. "Aa, shemeji! Leo ndio umetukumbuka?" Ukaelewa. Ukapita kwa lile pengo la mabati nyuma mpaka kwa jirani yetu Mganda, yule wa chapati. Naweza kumtaja kwa sababu ameshafunga biashara akarudi kwao. Alikusukuma nyuma ya magunia ya unga, akakufunika na turubai, akaendelea kukanda kama hakuna kitu. Yule mtu alipoona chumba changu kitupu, akaenda kwake. Mimi nimesimama uani na Poni mgongoni, nasikia kila neno.

"Mama, kuna msichana amepita hapa?"

"Hapa iko chapati tu. Unataka ngapi?"

"Nakuuliza vizuri."

"Na mimi iko najibu muzuri. Mwanaume mukubwa hivi, hajakula, anatafuta wasichana kwa unga! Kula kwanza. Ama kwenu watu nauliza na njaa?"

Wateja wakacheka. Na alinunua, unaweza kuamini? Alizila pale pale amesimama, polepole, karibu na ile turubai, na wewe ndani yake huwezi hata kukohoa na huo unga puani. Sikujua kama mtu anaweza kumpumulia mwenzake, lakini siku hiyo nilijaribu.

Kesho yake asubuhi ukaondoka. Siandiki kwa gari gani wala barabara gani. Ulimbusu Poni kisiginoni vile unavyopenda. Nikakuambia usinipigie, usimwambie mtu unakokwenda, hata mimi. Ukaniuliza, "Sasa dada, utajuaje kama nimefika?" Nikakukazia kitambaa kichwani, nikasema yala, panda.

Mimi pia nimehama. Hapa nilipo naogopa mpaka vitu vya kijinga. Boda ikisimama nje, nazima redio. Mtu akiita "shemeji" sokoni, hata kama anamwita mwingine, naacha mboga, narudi nyumbani. Poni akicheka kwa sauti namziba mdomo, halafu nalia, kwa sababu ni mtoto tu, na amechukua kicheko chako. Sitaki nimlee hivyo. Lakini mkono unaenda wenyewe.

Kinachonifanya niandike leo, hata hivyo, ni kitu kingine. Tangu unyamaze, wasikilizaji wetu wanakutafuta. Kwa upendo, Kapteni. Wameanzisha mchezo wao wenyewe, "Kapteni yuko wapi?" Mmoja anasema Kampala, mwingine Nairobi, mwingine ati alikuona uwanja wa ndege ukipanda ndege ya Entebbe. Juzi mtu akaweka sauti aliyoirekodi saluni, mji mwingine huko. Ni mtu anasukwa, anaongea mambo ya bei ya rasta, na nyuma kuna mwanamke anacheka. Ameandika chini, "Jamani, huyu si Kapteni wetu?"

Nimeisikiliza mara nyingi, simu nimeibana sikioni. Sitasema nadhani nini. Watu wamejaza vicheko pale, wameweka vile vipicha vya vikombe vya chai, wanauliza kama anapewa cheo. Na katikati yao kuna mmoja asiye na picha wala jina la kueleweka, ameuliza swali moja tu. "Saluni gani hiyo?"

Kwa hiyo kalas, imetosha, mdogo wangu. Nimechoka, lakini hapa sichezi. Aliyeweka hiyo sauti nilimwandikia, ameitoa, ameniomba msamaha, alidhani anatufurahisha. Na kama kuna wasikilizaji wanasoma juu ya bega lako, wacha nao wasikie: ukimpenda Kapteni na ukamsikia mahali, nyamaza. Usirekodi. Usimwambie hata rafiki yako. Mchezo umeisha na hakuna cheo kwa mtu yeyote.

Vipindi vyetu nimevifuta vyote leo, Poni amelala kifuani mwangu. Kimoja baada ya kingine. Nilitaka kubaki na kimoja tu, kile ulichomwimbia, ili akikua ajue sauti ya anti yake. Nilikaa nacho muda mrefu. Halafu nikakifuta. Sauti yako ikibaki mahali, kuna mtu ataichukua ailinganishe na nyingine. Sasa iko kwako peke yako, itunze.

Na wewe nisikilize vizuri. Kama hiyo saluni ni yako, toka leo. Usingoje mshahara, usiage mtu, usirudi kuchukua nguo. Kama si yako, basi nisamehe kwa kukutia hofu, kaa pale ulipo, na ukisikia kitu cha kuchekesha mbele za watu, angalia kwanza ni nani ameshika simu.

Usinijibu. Najua mkono utakuwasha. Usiweke hata alama ya dole gumba hapa chini. Na sitakudanganya: ukiwa salama utanyamaza, na kama amekupata utanyamaza vile vile, nami huku nitaona kitu kimoja tu, simu tupu. Hilo ndilo linaniamsha kuliko meno ya Poni. Lakini nimeshaamua. Kila asubuhi nikikuta simu haina kitu, nitasema umeamka, umejifunga kitambaa chako, umeenda kazini na hakuna aliyekutambua. Nitaliamini hilo hata siku ambazo siwezi, kwa sababu Poni ananiangalia usoni kabla ya kunywa uji, na akiona hofu hanywi.

Endelea kunyamaza, mpenzi wangu.

Dada yako mkubwa,
Mama Poni