Mama Alipoachwa Amalize

Dada mpendwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba mdogo wako, mtu mzima mwenye kipara na miwani, nimetolewa nje ya chumba kwa kosa la kupiga domo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti limetulia. Huku wazima, ila nimejikasirikia.

Nilimpeleka Mama kwa wale watafiti wanaochunguza jinsi ubongo wa wazee unavyoshughulikia lugha. Wewe ulitaka wathibitishe kwamba amechoka akili, ndipo Jumamosi lori lije limhamishie kwako. Wakamvika kofia ya nyaya. Akauliza kama hawana ya rangi nyingine. Kisha zikaja picha kwenye skrini, azitaje. Ilipokuja picha ya darubini, Mama aliweka ngumi jichoni kama anayechungulia tundu, neno likagoma. Mimi huyo, nikalitaja. Ilipokuja ya kinyonga akatembeza mkono mezani polepole, nikataja tena. Binti mtafiti akaniomba ninyamaze. Nikanyamaza picha moja. Ndipo nikaonyeshwa mlango.

Baadaye alinieleza, nami nikitafuta pa kubishia. Kwa wazee wengi maana ya neno haijapotea. Kinachochelewa ni sauti yake kufika mdomoni, na pengine upande wa pili wa ubongo huja kusaidia kutafuta. Nikimtajia, utafutaji unakatika, na mashine inabaki kumpima mtu anayenisikiliza mimi. Mama akadakia, taratibu, kwamba hata nyumbani hana kazi nyingine.

Sasa ukweli, Dada. Nilipokupigia simu kwamba Mama amekubali kuhama, hakuwa amekubali. Nilimuuliza, akaanza kwamba yeye atakwenda, akakwama. Nikamalizia mimi: kwa Dada, moja kwa moja. Akanitazama, akaendelea kukunja nguo. Ule ukimya nikaufanya ndiyo.

Jana nilimuuliza upya, kisha nikajiziba mdomo kwa kiganja. Chai ikapoa. Nilitamani kumtikisa neno limdondoke. Mwishowe likaja, na mengine nyuma yake: atakwenda kwako kukusalimia, kisha atarudi kwake, na funguo atakaa nazo mwenyewe.

Basi lori usilitume. Najua chumba umeshakipaka rangi. Lawama nipe mimi.

Msalimie shemeji. Mama naye anakusalimu, na ana la kuongeza. Nimeshika kalamu, namsubiri.

Wako,
Kitindamimba