Herufi Iliyoliwa na Kutu

Katoro,
Jumapili, 12 Oktoba

Baba yangu Mzee Masalu,

Shikamoo Baba. Na kama Deusdedit amekufikishia barua hii asubuhi, basi mwangaluka, na chai iweke pembeni kidogo. Mimi ni mzima, ni vidole tu vimechanika kwa petroli na brashi ya waya, lakini vinafanya kazi. Goti lako linaendeleaje na hii mvua iliyoanza? Mama je, presha imeshuka au bado anaongeza chumvi kwa kujificha? Mwambie nimesikia. Naomba Mungu barua iwakute wote salama hapo Songwa.

Najua utajiuliza, huyu mtoto ana simu mbili, anaandika barua ya nini. Baba, wewe simu unaweka spika kwa ajili ya lile sikio, na ukiweka spika anasikia Mama, anasikia shemeji, anasikia mpaka yule jirani anayekuja kuchaji. Hili nataka ulijue peke yako kwanza. Halafu nina ombi. Jina la Mzee Maulidi litatokea humu mara nyingi. Ulisema lisitajwe nyumbani kwako. Sasa mimi silitaji, nimeliandika. Usiichane, isome mpaka chini.

Habari kubwa ni hii: kadi imetoka. Kadi halisi, siyo kivuli, imeandikwa MASALU NDAKI, pikapu, nyeupe, petroli. Nilipopewa pale ofisi ya mapato niliinusa. Yule karani akaniuliza kama nimepewa kadi au andazi.

Nianze mwanzo, maana kwenye simu ulisikia vipande tu. Ulivyonipa ule mzoga mwezi wa tatu, kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva, na wenzangu hapa gereji walipouona unashushwa kwenye Fuso walisema Salome ameletewa banda la kuku lenye usukani. Miaka saba tangu lipinduke pale Segese, lakini chesisi ilikuwa imenyooka, nilipima kwa kamba. Injini nikaifungua mwenyewe, usiku naangalia video, mchana nafanya. Mwezi wa sita likaunguruma, na wale wale waliocheka wakaja kuomba lifti ya sokoni.

Lakini gari bila kadi ni banda tu, huwezi kulitoa barabarani. Ile kadi ililiwa na mchwa ndani ya sanduku lako, tena ilikuwa bado na jina la Mzee Maulidi, maana mliuziana kwa mkataba wa karatasi na kuaminiana, hamkuhamisha jina. Kwa hiyo ilibidi nitafute karatasi ya polisi ya kupotelewa, niape kwa mwanasheria, trafiki wakague, halafu Mzee Maulidi asaini kadi mpya itoke kwa jina lake na kuhamia kwako. Nilimpigia Kahama na hakunisumbua hata kidogo. Alisema Msukuma anatunza ng'ombe mia wasipotee, karatasi moja inamshinda. Unajua utani wake wa Kizaramo, nikacheka, nikajua kazi imekwisha.

Karatasi zilichapwa na dada mmoja anaitwa Dorah, ana stationari karibu na mwanasheria. Nikaapa, nikasaini, nikalipeleka gari kukaguliwa. Hapo ndipo ulipoanza moto. Afande Agnetha wa ukaguzi akaingiza namba ya bati, kompyuta ikamletea Hilux ya Maulidi, chesisi inaanza na R. Akaingiza namba ya chesisi iliyo kwenye kiapo changu, inaanza na L, ikamletea Hilux nyingine kabisa, iliibwa mkoa mwingine miaka mingi iliyopita, mwenyewe bado anaitafuta. Tarakimu zote zinafanana, herufi moja tu ndiyo tofauti. Akainama na tochi kuangalia chesisi yenyewe. Herufi ya kwanza haipo. Kutu ilishaila, na mimi nilipopitisha grenda kusafisha nikamalizia iliyobaki. Ukiangalia unasema kabisa mtu ameifuta makusudi. Akasema, kwa upole tu, kwamba inaonekana gari la wizi limevalishwa bati za gari halali, na pikapu itabaki kituoni mpaka aliyeiuza aje kujieleza.

Nikakupigia siku ile ile. Na wewe Baba nakumbuka ulichosema, ulisema miaka yote hiyo ulimwendeshea mizigo mwizi ukimwita kaka.

Halafu ukaja msiba wa rafiki yenu, Mzee Charles, pale Buzwagi. Najua unaukumbuka, lakini acha nikwambie ulivyoonekana kutoka jikoni, maana nilikuwa kule na akina mama. Mzee Maulidi alikuja na mkewe Bi Chausiku, akakaa kwenye mkeka wa wanaume. Wewe ukafika, ukawapa watu mkono mmoja mmoja, ukamruka yeye. Shikamoo yake hukumpa. Halafu ukasema kwa sauti kwamba kuna watani wengine wanakuuzia gari mchana, kumbe usiku walilitoa uani kwa mtu mwingine. Watu wakacheka, na yeye akacheka, alidhani ni utani wa msibani. Akakurudishia, akasema ng'ombe wa Masalu nao wana kadi? Wewe hukucheka. Ukamwambia husemi utani, unasema mwizi. Watu wakanyamaza, na yeye bado alikuwa anacheka peke yake, anamalizia, kama mtu ambaye hajaambiwa redio imezimwa. Yeye na Bi Chausiku wakaondoka kabla ya chakula.

Nilidhani kituoni hatafika. Lakini mwezi uliopita, Jumatano, nikaitwa, nikamkuta amekaa kwenye benchi na kanzu yake na koti, mkononi ana kitambaa na chupa ya soda yenye thina. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote. Afande akamuuliza maswali mengi na yeye akajibu yote, kisha akaomba afunguliwe boneti. Akasema Masalu ndiye aliyemtukana, gari halijamtukana, kwa hiyo halina kosa la kuozea polisi. Baba, kumbe kuna kibati kingine cha namba kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Mimi fundi nilikipita mara mia, nikidhani ni kiraka. Mwaka alioinunua alikipaka rangi kwa brashi, aliona kinang'aa vibaya. Akakunja mikono ya kanzu, akasugua kwa thina taratibu, rangi ikatoka, kibati kikaonekana. Herufi ya kwanza ni R. Tarakimu zote sawa na bati, sawa na kompyuta. Pikapu aliyokuuzia ilikuwa yake halali, haikuibwa kwa mtu. Afande Agnetha akapiga picha, akaandika, akampa pole. Baada ya hapo ni kurudia kiapo, kusaini na kusubiri, mpaka juzi kadi ikatoka.

Nilikwambia kwenye simu gari limeachiwa, na wewe ukasema mwizi ameogopa. Nikakata, nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwepo.

Sasa Baba nafika ambapo mkono unakuwa mzito.

Ile L kwenye kiapo haikuandikwa na mwizi wala haikukosewa na Dorah. Ilitoka mdomoni mwangu. Kwenye daftari langu nilishaandika R, tangu siku ya kwanza, kabla ya grenda, wakati herufi ilikuwa bado inasomeka kwa shida. Lakini nilipoenda kwa Dorah nilikuwa na ovaroli ya oili, akanikataza nisiingie nitamchafulia karatasi, nikasimama mlangoni namsomea kwa kupaza sauti, jenereta ya jirani inalia. Nikasoma: La, Na, nane, tano. Akauliza, la ya nini? Nikamjibu, la ya langi. Yeye ni mtu wa Tanga, kwake la ni la. Akaandika L. Mwanasheria akaniuliza kama nimesoma na kuridhika. Nikasema ndiyo. Sikusoma. Na ningesoma ningejua, maana L kwenye hizo Hilux ni injini ya dizeli, na mimi ile ya petroli nimeifungua kwa mikono yangu hii.

Baada ya gari kukamatwa nilimwendea Dorah na daftari, nina hasira, nikamwambia ameniponza. Hakugomba. Akaniambia soma tena. Nikasoma, wateja wawili wakacheka, na mimi sikujua wanacheka nini. Akasema, dada, unasikia unachosema? Nikamwambia nasikia, nasema ra. Akanirekodi kwenye simu yake, akanichezea. Hapo ndipo nikajisikia kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Baba, sisi wote nyumbani tunasema hivyo, nani angeniambia? Hata kwenye kadi yangu ya kliniki nesi aliandika Sarome, nadhani alijaribu kumsahihisha Mama.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Msiba wa Mzee Charles ulikuwa Jumamosi. Kwa hiyo pale jikoni, wakati unamwita mwizi mbele za watu, mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimeshika mwiko. Niliendelea kusonga.

Umeniuliza kwa nini, nasikia kabisa sauti yako. Niliogopa, nilikuwa nimeapa kwa sheria kitu kisicho kweli, nikajua nitafungwa. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba umewaambia watu wote wa Songwa binti yako hajakaa darasa la ufundi lakini injini haimdanganyi. Nikaona aibu kuja kukwambia nimeshindwa na herufi moja. Na hasira yako ilishapata mtu wa kumkalia, nikaiacha ikae.

Na pale kituoni kuna kitu nilikiruka. Kibati kilipoonekana, Afande Agnetha aliniambia nimsomee yeye aandike. Nikasoma. Kalamu yake ikaandika L. Mzee Maulidi akatazama kibati, akatazama kalamu, akaweka kidole juu ya karatasi, akamwambia afande, R, mwanangu, R ya Rufiji. Halafu akanitazama mimi. Tukatoka nje. Akakaa juu ya tairi bovu pale uani, akaniuliza nilijua lini. Nikamwambia ukweli. Akauliza jambo moja tu, kabla ya Charles au baada ya Charles? Nikasema kabla. Akafuta mikono kwa kile kitambaa muda mrefu, mikono ilishatakata na bado anafuta. Nikamwomba msamaha. Nikamwomba na la pili, kwamba yeye ni mtu mzima, anajua maneno, anisaidie kukueleza. Akaniambia yeye siyo posta.

Afande nilimwambia siku ile ile, Baba, nisikufiche. Alinigombeza sana, akaniambia kiapo siyo risiti ya duka, lakini hakunifunga. Kiapo kipya nilikisoma neno kwa neno, kwa kidole.

Kwa hiyo Mzee Maulidi si mwizi, hakuwahi kuwa, na hata baada ya kuitwa hivyo alisafiri na thina yake kuja kukuokolea gari. Ningetaka niseme samahani mara nyingi zaidi lakini karatasi inaisha. Nisamehe Baba. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kwenye simu, weka na spika, wasikie wote. Nitapokea.

La mwisho. Pikapu sijaileta Songwa, na sitaileta. Jana niliiendesha mpaka Kahama, imetembea vizuri, haijachemsha hata mara moja. Nimeiegesha uani kwa Mzee Maulidi, chini ya turubai. Funguo anazo yeye, na kadi anayo yeye. Hakuniagiza. Aliniuliza nimempelekea ya nini, nikamjibu mwenye gari atalifuata. Akauliza, na asipokuja? Nikasema basi litakaa. Akaingia ndani, lakini baada ya muda nikamwona anatoka na matofali, anaweka nyuma ya magurudumu, ule uwanja wake una mteremko kidogo.

Ijumaa mchana akishatoka msikitini huwa yupo nyumbani. Mabasi ya kutoka kwenu asubuhi yanawahi. Bi Chausiku aliniuliza pembeni kama kweli utakuja, ili ajue kiasi cha unga, maana anasema Msukuma ukimkadiria anakuaibisha. Nimemwambia asonge mwingi.

Msalimie sana Mama, na hii barua ukishaisoma mpe, yeye asome mwenyewe asisubiri kusomewa. Wasalimie shemeji na watoto, na wale kuku waliopoteza nyumba. Deusdedit atarudi Alhamisi, kama una neno mpe. Wabeja sana Baba kwa kunisoma mpaka hapa.

Ni mimi mwanao,
Salome Masalu